Nyumba Iliyonukia Kichanga

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, kweli ya kuwekwa juu ya meza kila mtu akaikague kwa mikono yake. Naapa kwa macho yangu yote mawili, hata hili la kushoto ambalo limestaafu kabla yangu. Kama nimetia chumvi hata chembe, basi nguo zangu zote ziniwashe mgongoni, pale mkono usipofika. Nimekwisha kuapa. Sasa nisikilizwe.

Kulikuwa na nyumba moja ya vyumba vitatu, bati jekundu, baraza ya saruji iliyopasuka, ambayo mtu akiingia tu alishusha sauti. Hakuna aliyemwambia ashushe. Alikuja na kelele zake za barabarani, akavuka mlango, pua ikafanya kazi yake, na sauti ikashuka yenyewe. Nyumba ilinukia kichanga. Ile harufu ya maziwa yaliyoganda kwenye mikunjo ya shingo, ya vinguo vilivyokaukia kivulini, ya utosi wa mtoto aliyeamka sasa hivi. Na katika nyumba ile hakukuwa na mtoto. Hakuwahi kuwapo.

Aliyeumizwa na harufu ile kuliko wote ni mwanamke wa nyumba, fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata wale waliolijua jina lake. Cherehani yake ilikaa sebuleni, ubavuni mwa dirisha, na wateja walimfuata humohumo.

"Kalala?" mteja mmoja alimnong'oneza asubuhi ya siku hiyo, akivua viatu kama anayeingia wodini.

"Nani?"

"Mtoto."

Fundi alikuwa amebana pini kwa midomo. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha kuwekea sindano. "Hapa hakuna mtoto, dada."

"Yaani nimesikia harufu, nikadhani..." Mteja akacheka cheko la haya. Macho yakamkimbilia kwenye mlango wa chumba cha tatu, uliofungwa. "Basi, Mungu atajalia."

"Nyoosha mkono nikupime."

Chumba kile cha tatu kilikuwa mali ya mama mkwe, ingawa hakulala humo. Alikuja kwa wiki moja tu, kumwona mwanawe, na wiki hiyo ilikuwa bado haijaisha, huu mwaka wa pili. Kila asubuhi alikifagia, chumba kitupu, akafuta kioo cha dirisha, kisha akauvuta mlango polepole, kidole akiwa amekiweka kwenye kitasa kisilie.

"Punguza hiyo mashine," alikuwa akisema. "Unamshtua."

"Namshtua nani, mama?"

"Atakayekuja. Hawa hawaingii kwenye makelele."

Siku ile mteja alipoondoka, mama mkwe hakuzungumzia makelele. Alikaa kwenye kiti cha mumewe Fundi, akajifunga mtandio vizuri, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza kiberiti dukani: "Jumapili tuna kikao. Nimemwita baba mdogo. Na kaka yako nimempigia simu, atakuja na gari la mizigo la rafiki yake."

"Gari la mizigo la nini, mama?"

"Kikao kinaweza kuamua upumzike kwenu kidogo. Mtu hawezi kupumzika bila godoro lake."

Fundi aliielewa hiyo "kidogo". Wanawake wangapi mtaani walipumzika kwao kidogo, na kabla godoro halijapoa mahali pake pakatandikwa lingine. "Nimepimwa, mama," akasema. "Mara mbili. Wameniambia sina tatizo. Wanamtaka na yeye."

Mama mkwe alicheka kwa pua. "Mwanangu? Umemtazama lakini?"

Kwa kweli hilo lilikuwa swali gumu kujibu. Mwanawe aliitwa Tingatinga. Mchana alikuwa mpakiaji kwenye ghala la nafaka, mtu wa kubeba gunia begani na jingine kwapani kwa utani. Mwisho wa wiki alisimama mlangoni kwenye baa, walevi wakimwona wanakumbuka wana kwao. Kifua kama kabati la nguo. Ukimweka mwanaume yule mbele ya watu kisha useme yeye ndiye mwenye kasoro, watu watakutafutia wewe daktari.

*

Mchana, jua likiwa utosini, Fundi alitoka uani kuanua nguo. Saa hiyo ua wote ulikuwa umenyamaza, hata redio ya jirani. Akaona kamba ya nguo inatembea.

Alisogea. Walikuwa sisimizi. Walipanda nguzo, wakashika kamba, mstari mmoja mwembamba usiokatika. Wakapita juu ya gauni lake bila kusimama. Wakapita mtandio wa mama mkwe, wakapita shuka, wakapita mataulo. Walipofika kwenye shati la buluu la Tingatinga, alilolitundika mwenyewe asubuhi bila kulifua, wakateremka. Hawakutawanyika. Walijikusanya sehemu mbili tu, kifuani, moja kushoto na moja kulia, duara mbili nyeusi zinazochemka.

Fundi alilikung'uta shati mpaka mkono ukamwuma. Akalitundika ili aone. Wakarudi palepale.

Akaliinua puani. Harufu iliyokuwa ikiwanong'onesha wateja wake kumbe ilikuwa hapa.

Wazo la kwanza lilimjia kama linavyomjia mke yeyote: kuna mwanamke. Kuna mwanamke anayenyonyesha, na huyo mwanamke analaza kifua chake juu ya kifua hiki. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kwa hiyo mtoto yupo, akajisemea. Yupo, ila si wa hapa.

Lakini mkono wa fundi una mazoea yake. Kabla hajaanza kulia vizuri alikuwa tayari ameligeuza shati ndani nje, kama anavyogeuza kila nguo inayoletwa na doa, kujua doa limeingilia wapi. La nje huwa pana juu na hafifu ndani. Hili lilikuwa kinyume. Ndani lilikuwa limekauka gumu kama kitambaa kilichopigwa wanga. Nje limefika limechoka. Doa hili halikutoka kwa mtu mwingine. Lilitoka kwa mwenye shati.

Upepo ungepita saa ile, ungemkuta mwanamke amekaa juu ya ndoo, shati mapajani, anatazama sisimizi wanaopanda goti lake, na hawafukuzi.

*

"Simama nikupime," alimwambia mumewe alipotoka kazini. "Nakushonea shati jeupe la Jumapili."

"Vipimo vyangu si unavyo."

"Umeongezeka."

Hilo alilipenda. Akasimama katikati ya sebule na shati lake la kazi, na juu yake koti. Siku hizi alishinda na koti hata ghalani, wenzake wakiwa vifua wazi. Walimtania kwamba Tingatinga kapata homa ya kizungu.

"Vua koti."

"Pima hivihivi."

"Nimepima hivihivi shati la mwisho, likakubana ukanisema mwezi mzima. Vua."

Alivua. Fundi akaizungusha tepu mgongoni, akaileta mbele, akaibana. Tingatinga akafyonza hewa kwa meno, kama mtu aliyekanyaga moto. Chini ya tepu Fundi alihisi vitu viwili, vigumu katikati, laini pembeni. Vidole vyake vilivijua. Alikuwa amevipima kwa mamia ya wanawake na wasichana.

"Nikikushonea shati la kiume litavuta hapa," akasema taratibu. "Nikitaka likukae vizuri lazima nitie mikunjo kifuani. Likishakuwa na mikunjo hiyo, mume wangu, hilo ni blauzi."

"Ni misuli!"

"Misuli haitoi maziwa."

Kule chumba cha tatu, mama mkwe alikuwa akikohoa kidogo, akijifanya anafuta dirisha.

"Nani kakwambia?" Tingatinga aliuliza, sauti imemshuka kama sauti za wateja.

"Sisimizi."

Akakaa. Kiti kikalia. Mwanaume yule, ambaye mlangoni mwa baa alikuwa akiwabeba watu kwa ukosi kama paka, alijikumbatia kifua kwa mikono yote miwili, akawa anatazama sakafu. "Yalianza mwezi wa... sijui. Nilidhani jasho. Kisha nikadhani usaha. Nikibanwa kidogo tu yanakuja. Hata nikisikia mtoto analia njiani yanakuja."

"Unatumia nini?"

"Mimi situmii kitu."

"Mume wangu."

"Dawa ya Kocha tu. Ile ya jimu. Siyo kitu kibaya, ni dawa ya dume." Akainua uso, na humo usoni kulikuwa na fahari, ndiyo iliyomtisha Fundi kuliko maziwa. "Ni sindano ya nguvu za kiume, mke wangu. Mwanzo nilichoma ya mwili tu, ya kunyanyua vyuma. Lakini tulipokaa tukakosa mtoto, nikamwendea, nikamwambia Kocha, mimi nataka mtoto. Akaniongezea mara mbili. Nilikuwa najichoma kwa ajili yetu!"

"Twende kliniki."

"Nikapewe kikopo? Mimi? Mlinzi wa kliniki anakunywa pale kwetu baa. Kesho nitasimamaje mlangoni?" Akavaa koti lake, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, na nje jua lilikuwa bado kali.

*

Angekataa mpaka Jumapili, na gari la mizigo lingekuja, kama si mtoto wa jirani.

Jirani wa nyumba ya pili alikuwa na kitoto cha miezi michache, chenye mashavu na kelele. Jioni hiyo alipita barazani, mama mkwe akichambua maharage, Tingatinga amekaa kwenye ngazi na koti lake, Fundi akipiga vifungo.

"Shemeji, nishikie huyu kidogo, nafungua lango," jirani alisema, na kabla Tingatinga hajakataa, kitoto kikawa mikononi mwake.

Kilikuwa kinalia. Kikanyamaza. Kilinyamaza ghafla, kama redio iliyochomolewa. Kikanusa. Kikageuza kichwa upande wa kifua, polepole, macho yamefumba, na mdomo wake ukafunguka ukaanza kutafuta juu ya koti, kushoto, kulia, kushoto, kama kifaranga. Kikapata kilichotafuta. Kikang'ang'ania kitambaa.

Maharage yalidondoka moja moja kutoka kwenye ungo wa mama mkwe, yakagonga saruji. Tingatinga alikuwa amekaa mikono imenyooshwa, hathubutu kumvuta mtoto wala kumwacha, na kwenye koti lake, pale mdomo ulipo, kitambaa kilikuwa kinabadilika rangi.

Jirani alimnyakua mwanawe. Akamfuta mdomo kwa upindo wa nguo, akamfuta tena, akamfuta mpaka mtoto akalia. Akaondoka bila kuaga, na lango akaliacha wazi.

Mama mkwe aliinuka. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama Fundi, na sindano iliyokuwa mkononi mwake.

"Kumbe alikwishakuja," akasema. Alikuwa karibu kutabasamu, na hilo tabasamu Fundi hakulisahau. "Nafagia chumba bure. Alikuja, akakukuta wewe na nyuzi zako. Umemshonea humo. Umemshonea mjukuu wangu ndani ya mwanangu."

"Mama!" Tingatinga alisema.

"Nyamaza, utamwamsha."

Asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Tingatinga alimwuliza mkewe akiwa amegeukia ukutani: "Kliniki wanafungua saa ngapi?"

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na mafua. Aliandika huku akiuliza, na hakushangaa kitu, jambo lililomfariji Fundi.

"Sigara?"

"Za baridi tu," alisema Tingatinga.

"Baridi inaanza saa ngapi?"

"Asubuhi. Inaisha nikilala."

"Pombe?"

"Ya kazini. Baa wananilipa nusu kwa chupa."

"Nusu ya mshahara unainywa. Bangi?"

Tingatinga alimtazama mkewe, akatazama dari. "Ya usingizi."

"Dawa nyingine?"

Hapo akajinyoosha. "Natumia ya dume." Akatoa kichupa mfukoni. Hakikuwa na lebo. Daktari alikizungusha kwenye mwanga, akapiga chafya, akakiweka mbali na karatasi zake.

Vipimo vikachukuliwa, kikopo kikaenda maabara, na mlinzi wa kliniki, kumbe alikuwa zamu nyingine. Walipoitwa tena daktari aliwapeleka kwenye hadubini. "Nataka uone mwenyewe," alimwambia Tingatinga, "maana nikikwambia hutaniamini."

Aliinama, mwili mkubwa juu ya kidude kidogo. Akatazama kwa muda mrefu.

"Unaona nini?"

"Mwanga."

"Na nini tena?"

"Mwanga tu." Akasogeza jicho, akatafuta. "Kama barabara yenye taa zote, na nyumba zote ziko wazi, na hamna mtu."

"Hayo ndiyo majibu yako."

Fundi alitamani kuinama na yeye atazame, akaogopa. Alihisi kwamba akitazama atasikia mlango unafungwa polepole.

"Sikiliza," daktari alisema wakiwa wamekaa. "Unafanya kazi ghalani, sivyo? Ghala likijaa mzigo wa nje, bosi anasemaje shambani? Anasema acheni kuvuna. Sindano hizo zina homoni ya kiume. Ubongo ukiiona imejaa, unasema hapa hatuhitaji kutengeneza kitu, na kule chini kazi inasimama. Mbegu zinakwisha. Ukiongeza dozi ili upate mtoto, unaongeza kufuli. Na homoni ikizidi, nyingine mwili unaigeuza ya kike. Ndiyo hayo matiti. Maziwa ni nadra, hicho kichupa Mungu ndiye anayejua kimetiwa nini, kwa hiyo nitachunguza zaidi nisije nikakosa kitu. Bia na sigara na bangi vyote vinasukuma gari hilohilo kwenye shimo."

"Kwa hiyo dawa ya dume..."

"Ndiyo iliyokukausha. Tutaiacha, lakini kwa mpango wangu, siyo wewe na Kocha."

"Zitarudi?" Fundi ndiye aliyeuliza.

Daktari alivua miwani. "Kwa wengi zinarudi. Inachukua miezi, wengine mwaka na zaidi. Kwa wengine hazirudi. Sitakuuzia matumaini, mama, nawe usiyanunue kwa mtu."

Njiani Tingatinga alitangulia mpaka walipofika kwenye kona ya mtaa wao. Hapo akamshika mkewe mkono.

"Jumapili, sema ni wewe."

Fundi alidhani hajasikia vizuri.

"Nisikilize. Useme ni wewe mwenye tatizo. Watasema uondoke, mimi nitasimama nitasema haondoki mtu, huyu ni mke wangu kwa shida na raha. Wataniheshimu. Na wewe utabaki. Si unabaki? Tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kwamba utakuwa shujaa kwa ugonjwa wako mwenyewe."

"Nitakuwa na uso wa kuingilia ghalani, mke wangu. Wewe wamekwishakusema miaka sita. Umezoea."

Umezoea. Mtu anaweza kupigwa kofi akasahau. Neno lile Fundi alitembea nalo mpaka nyumbani, akaketi nalo kwenye cherehani, akashona shati jeupe bila mikunjo ya kifua, shati la kiume kabisa, kama alivyolitaka mwenyewe.

*

Jumapili walikaa sebuleni: baba mdogo kwenye kiti kikubwa, mama mkwe pembeni yake, kaka yake Fundi karibu na mlango, funguo za gari zikimcheza kidoleni kwa aibu. Tingatinga alikaa wima ndani ya shati jeupe. Chai ilimiminwa, hakuna aliyeionja. Wote, bila kuambiwa, walizungumza kwa sauti ya chini.

"Mimi sina maneno mengi," alisema baba mdogo, kisha akasema mengi sana. Mwisho wake ukawa: "Sasa, mkwe wetu, tunakuuliza bila ubaya. Tatizo liko wapi?"

Tingatinga alimtazama mkewe. Macho yalikuwa ya mtu anayezama.

"Mimi nimepimwa," Fundi alisema. "Sina tatizo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwulize aliyebaki."

Baba mdogo akageuka. Tingatinga akavuta kola ya shati. "Bado... bado tunachunguza," akasema. Mama mkwe akapiga makofi mara moja, pa! "Mmesikia? Wanachunguza! Miaka sita! Mwanamke amemfunga mwanangu, amemtia uzi, nimeona kwa macho haya, halafu mnachunguza! Kaka mtu, pakia vitu."

Kaka yake Fundi aliinuka kama anayebeba maiti. "Dada," alinong'ona, "twende tu. Nyumbani kuna nafasi." Hakuanza na godoro. Aliifuata cherehani, kwa sababu alijua ndicho kitu pekee ambacho dada yake angekifuata hata kwenye moto. Akaikumbatia, akainyanyua.

Ndipo, nyuma ya ukuta, mtoto wa jirani akalia.

Alilia kile kilio cha njaa, chembamba, kisicho na subira. Na Tingatinga akakunja mikono kifuani, haraka, viganja kwapani. Fundi akaona. Aliona viganja vinavyobana, shingo inayotoka jasho. Mtoto akalia zaidi. Kaka mtu akapiga hatua kuelekea mlangoni, cherehani mikononi, waya wa taa yake unaburuta sakafuni. Akapiga hatua nyingine.

Fundi alikuwa amemaliza maneno yake yote.

Tingatinga akaikunjua mikono.

Hakukuwa na njia nyingine ya kuishika cherehani. Alivuka sebule, akaipokea kutoka kwa shemeji yake kama mtu anayepokea mtoto, na aliposimama hapo katikati, katika shati jeupe, wote wakaona duara mbili zikienea, pole, pole, mpaka kitambaa kikagandamana na ngozi. Tone moja lilianguka juu ya chuma cha cherehani. Upande wa pili wa ukuta mtoto akanyamaza, kana kwamba ameshiba.

"Ni mimi," Tingatinga alisema. "Mke wangu hana kosa. Nilijichoma sindano za Kocha. Nimejikausha kwa mkono wangu mwenyewe, na hakuna uzi wala mchawi. Jana nilimwomba anibebee uongo. Akakataa, na amefanya vizuri."

Baba mdogo aliitazama chai yake. Kaka mtu alitia funguo mfukoni. Mama mkwe ndiye aliyeinuka, na Fundi akajikaza kwa litakalokuja. Lakini yule mama alivua mtandio wake, akaenda akamfunika mwanawe kifua, akaufunga nyuma ya shingo, kama alivyowahi kumfunga kitambaa shingoni alipokuwa mtoto wa kuanza kula.

"Unasikia baridi," alimwambia. Kisha bila kugeuka: "Mkwe wangu, mpe kaka yako chai nyingine. Hiyo imepoa."

Msamaha hakuomba, na wala hakuuomba baadaye. Lakini chumba cha tatu hakikufagiwa kesho yake.

*

Basi. Tingatinga akaacha sindano kwa mpango wa daktari, akaacha baa, akaziacha sigara za baridi na bangi ya usingizi. Kocha akatoroka usiku na vichupa vyake. Kabla mwaka haujapinduka, Fundi akajifungua mapacha! Wawili, wazito kama mawe ya mizani, wametoka wameshikana mikono, mmoja anacheka, na mwingine...

"Mapacha gani, mzee?"

Nilikuwa nasimulia haya kibandani kwa muuza chai, mbele ya vijana wa jimu, na sikumwona aliyesimama nyuma yangu na suruali yangu mkononi, amekuja kunijaribishia urefu. Fundi mwenyewe, tepu shingoni.

"Mwanangu," nikasema, "nilikuwa nafunga hadithi tu."

"Mume wangu alikupa ruhusa uwaambie hawa vijana, kwa sharti moja. Usiongeze."

"Basi mmoja. Nimezidisha mmoja."

"Hakuna hata mmoja." Akasema bila hasira, kama anavyotaja upana wa kiuno. "Na Kocha hajatoroka, yuko palepale, ndiyo maana unaambiwa uwaambie kweli. Kipimo cha mwisho, kwenye hadubini wameonekana wachache. Wachache sana, na wavivu. Daktari amesema tusubiri. Sisi tunasubiri. Na shati linakauka mchana kutwa, sisimizi hawaji. Inatosha kusema hivyo."

Vijana walinitazama kwa furaha ya watu walioshika mwizi. "Mzee kaapa kwa macho yote mawili!" mmoja akapiga kelele. "Lipa chai! Ya watu wote!"

Nikalipa. Nikalipia waliokuwapo na waliokuja mbio waliposikia nalipa. Naye Tingatinga akatokea ghalani, kifua wazi, amepungua upana lakini wenzake hawamtanii tena, akaambiwa kosa langu, akacheka, akachukua kikombe chake cha faini. Alikunywa akiwa amesimama. Vijana waliporudi kwenye kelele zao, na mkewe amepiga magoti anapima pindo la suruali yangu, akaniinamia sikioni, kwa ile sauti ya chini ya nyumba yao.

"Mzee," akaninong'oneza, "hao mapacha... walikuwa wa kike, au wa kiume?"

Chini, miguuni pangu, tepu ilisimama.

Nikatia mkono mfukoni, nikamlipia kikombe cha pili.